Mkono Mbaya wa Ursula

Shemeji yangu Ursula alianza kusifiwa jikoni kwake mwezi wa tisa, siku chache kabla ya watu kuanza kulima, na mimi nikajua papo hapo kwamba kuna mtu anataka kitu.

Kati ya mji wangu na mji wake pana ua wa minyaa tu, na mtu wa umri wangu huamka kabla ya kuku. Nilikuwa nimekaa nje nikisubiri maji ya chai yachemke, nikasikia upande wa pili: "Wewe ni mtu mzuri. Mikono yako ni mizuri. Unastahili kupendwa." Sauti ilikuwa ya chini, nzito kidogo, kama ya mtu asiyependa kusikiwa. Kisha ikarudia yale yale. Ursula analala peke yake tangu tulipomzika mdogo wangu Wenceslaus, mumewe. Na hapa kwetu Butiama hakuna mtu anayemwambia mjane mwenye wajukuu kwamba anastahili kupendwa, alfajiri, bila sababu yake. Ama ni mwanamume anayetafuta shamba, ama ni nabii anayetafuta ng'ombe.

Alipotoka kumwaga majivu nikamwita kupitia uwazi wa ua.

"Shemeji, una mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Huyo anayekusifu."

Akaweka chini sahani ya majivu. Nilidhani atakasirika, kumbe akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu.

"Ni mimi, shemeji."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mimi."

"Hao ni watu wawili."

"Ndivyo nilivyofundishwa. Mmoja anasemaga vibaya, mwingine anamjibu."

"Umefundishwa na nani?"

"Na Grace. Yule dada wa Bunda, anafundisha akina mama."

Sikumjua Grace wa Bunda. Lakini lile neno, kumjibu, liliniingia kama mwiba, na ili lieleweke lazima nieleze Ursula ni nani.

Alizaliwa upande wa ziwani, Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, kwa watu wanaojua samaki kuliko wanavyojua mtama. Wenceslaus alikuwa akienda huko kununua samaki wakavu, akarudi siku moja na samaki wachache na mchumba. Mama yetu, Nyamburi, alimshika binti yule mikono, akaigeuza, akasema mbele ya watu wote: "Mikono ya magamba hii. Itajua nini shambani?"

Watu wa siku hizi wangeita hilo tusi, wakalia, wakaandika kwenye simu. Hawajui kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya kumpokea mtu. Kitu ulichokipenda ulikisema vibaya. Ng'ombe mnono aliitwa kigozi. Mtoto mzuri alipoletwa mbele ya wageni mama yake alisema, "Kaeni mbali na kinyani hiki." Hakuna aliyedanganyika. Lile neno baya lilikuwa nguo ya kufunikia kitu kizuri, kisipigwe na macho ya watu; aliyejisahau akakisifu wazi alitema mate pembeni, kukikinga.

Katika mji wa mama yetu jambo hilo lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilionekana siku ya kufungua shamba. Mvua ikishashuka, hakuna aliyepanda mpaka mwanamke mwenye mkono, yule ambaye akipanda huota, apande mistari ya kwanza. Alitembea mbele akidondosha mtama kwenye mashimo, na kila anapoanza mstari alisema, "Mkono huu mbaya. Mkono huu hauna kitu." Nyuma yake alikuja mtu wa nyumba ile ile, mume au mtoto au mkwe, akifukia mbegu kwa mguu. Huyo wa nyuma alitakiwa kumjibu kabla ya kufukia: "Mkono huo ndio uliotulisha." Nayaandika kwa Kiswahili, ingawa kwa Kiswahili yanapoa. Mmoja alijishusha, mwingine akamwinua, na mbegu ikafukiwa. Kufukia kabla ya kujibu ilikuwa marufuku. Mama yangu aliwahi kumrudisha baba yangu mwanzo wa mstari kwa sababu alikohoa badala ya kujibu.

Ursula wa mikono ya magamba alifuata nyuma ya mama yangu misimu mingi, akijibu na kufukia. Mama alipochoka magoti alimpa kikapu cha mbegu, akasema, "Haya, tuone kama samaki wanaota." Wakaota. Tangu hapo Wenceslaus ndiye aliyemfuata mkewe, na kusema kweli, mtama wa shamba lile ulikuwa unanitazama juu ya ua kana kwamba mimi ndiye niliyepandwa. Watu wakaanza kumwita awafungulie mashamba yao. Mniko wa ng'ambo ya kijito alikuwa hagusi jembe mpaka Ursula apite. Alimlipa kibuyu cha maziwa na tusi zuri.

Kisha Wenceslaus akafa kwa tumbo, hospitalini, baada ya kuzungushwa huku na huku. Mwaka uliofuata mvua ilishuka kama kawaida. Ursula alichukua kikapu akaingia shambani peke yake. Mwanawe Gody, mwenye duka la vifaa vya simu Musoma mjini, mtaa wa Iringo, alituma salamu. Wakwe hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, lakini kwa mila zetu kaka wa mume hakanyagi nyayo za mke wa mdogo wake. Hafuati nyuma yake shambani, hakai kwenye kigoda chake. Nilisimama upande wangu wa mpaka. Nilimsikia akisema, "Mkono huu mbaya. Mkono huu hauna kitu." Akasubiri. Kulikuwa na upepo tu. Akageuka, akafukia mwenyewe, akaenda shimo la pili.

Mwaka ule viwavijeshi walikula Butiama nzima. Walikula kwa waliofunguliwa mashamba na Ursula na kwa wale waliopanda mbegu za dukani zilizopakwa rangi bila kufunguliwa na mtu. Lakini watu wakiumia hutafuta pa kunyooshea kidole. Mniko alisema pale dukani, Ursula akiwa amesimama mlangoni: "Mkono wa mjane umepoa. Ulimshika marehemu mno."

Ursula akageuka mlangoni. Alirudi nyumbani na neno lile, akalifuga.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa namna ambayo macho hayawezi kuiona haraka. Maneno aliyokuwa akiyasema shambani kama sheria, sasa akawa anayasema kila mahali na kwa kweli. Akimwaga maji: "Mkono mbaya huu." Akiunguza ugali: "Mimi ni mtu wa kuharibu tu." Kuku akifa: "Si nilimshika jana?" Akaacha kutia chumvi kwenye mboga ya msiba, alimwita mtu mwingine atie. Watoto wachanga walipoletwa aliwatazama kwa mbali, mikono nyuma. Kanisani, padri akisema tupeane amani, Ursula aliinama akajifanya anafunga khanga, ili asimshike mtu. Misimu mitatu shamba lile halikupandwa na mkono wake. Alikodisha vibarua wakapanda mahindi, wakapanda vibaya, na mwaka jana hata vibarua hakuwaita. Likaota magugu.

Gody akaanza kuja mara kwa mara. Mtoto wa mjini akianza kuja mara kwa mara, angalia miguu yake inasimama wapi. Yake ilisimama shambani. Alikuwa amepata mtu wa Musoma anayetafuta ardhi ya kupanda mikaratusi ya nguzo za umeme, achukue shamba lote kwa miaka mingi. Ardhi ikipandwa mikaratusi, mama yangu alisema, hata nyasi zinahama. Wenceslaus alikuwa ameliacha shamba mikononi mwa mkewe, kwa hiyo bila neno la Ursula hakuna nguzo.

"Mama," Gody alisema mbele yangu, "shamba silitaki mimi. Nataka upumzike. Mvua hii ikija, ukipanda kwa mkono wako mwenyewe, mimi sitalitaja tena. Usipopanda, tumpe yule mtu."

"Nitapanda nini na mkono huu?" Ursula akasema.

"Basi umeshajibu."

"Hajajibu," nikasema. "Ameuliza."

"Baba mkubwa, usianze."

Ndivyo ilivyokuwa. Shamba la mama yangu lilining'inia kwenye vidole vya mwanamke ambaye hathubutu kutia chumvi. Na kabla ya mvua, ghafla, anatokea Grace wa Bunda kumfundisha aseme kwamba yeye ni mzuri. Nani asingeshuku?

Siku chache baadaye nikamsikia tena nyuma ya minyaa, na safari hii neno lilikuwa jipya: "Naachilia kila kinachonilemea. Niko huru." Chai ikanipalia. Kinachomlemea ni nini kama si shamba? Kuachilia ni nini kama si kusema ndiyo kwa mtu wa nguzo? Nikavaa koti langu la misa, nikapanda gari kwenda Bunda.

Grace alifundishia mtaa wa Manyamanyama, katika chumba cha kupanga nyuma ya fremu za maduka, viti vya plastiki vimepangwa duara. Nilitegemea kumkuta mtu wa kucha ndefu. Nilimkuta binti mwembamba aliyevaa sare ya kitenge na akina mama wenyewe, anatoka jasho puani, na sauti imekauka kwa kusema. Ursula alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aliponiona alijifunika mdomo kwa khanga.

"Karibu, babu," Grace akasema. "Leo ni siku ya akina mama, lakini karibu."

"Nimekuja kumsindikiza shemeji."

"Mimi nimekuja saa mbili," Ursula akasema. "Ananisindikizaje saa nne?"

Wanawake wakacheka. Nikakaa.

Grace aliwaambia kwamba kila mtu ana sauti ndani inayomsema. Alisema kwa kuchanganya maneno ya semina, maindiseti na pozitivu, lakini nilikaza masikio nikachambua. Akamwambia mwanamke mmoja mnene, muuza nyanya, ataje neno ambalo sauti yake humwambia.

"Inaniambiaga mimi ni mjinga. Kwamba hata wateja wananihurumiaga tu."

"Neno likija usilifukuze," Grace akasema. "Ukilifukuza litazunguka nyumba liingie kwa mlango wa nyuma. Lijibu. Utalijibu nini?"

"Nitaliambia ondoka shetani."

"Hapana, huko ni kulifukuza. Lijibu kwa jambo la kweli. Siyo uongo wa kwamba wewe ni malkia. Jambo ulilolifanya."

Mwanamke akafikiri. "Nimesomesha watoto kwa nyanya."

"Haya, liambie."

"Nimesomesha watoto kwa nyanya!" akapiga kelele, mpaka mtu wa fremu ya mbele akaja kuchungulia kama kuna ugomvi.

Nilikaa pale na damu inanipanda kichwani. Mtu anajishusha, anajibiwa kwa jambo la kweli, maisha yanaendelea. Hiyo ni kazi ya mama yangu! Wasomi walikuja wakatuambia mila zetu ni ushamba, tukaziacha njiani, na sasa binti mwenye viti vya plastiki amekiokota kipande kimoja, amekifuta vumbi, anakifundisha kama kitu kilichoshuka na ndege. Tena amekiokota nusu. Ile nusu ya pili, mtu wa kufuata nyuma yako na kukujibu kwa mdomo wake, haimo. Mtu anajisema mwenyewe, anajijibu mwenyewe, halafu anaitwa ameponywa. Mimi nasema huo ni upweke uliofundishwa kuongea.

Nikanyoosha mkono.

"Kuachilia ni nini?"

"Babu?"

"Shemeji yangu anasema alfajiri, naachilia kinachonilemea. Ni kitu gani hicho?"

"Kila mtu anakijua chake."

"Na anayekulipa wewe, anakijua?"

Grace akanitazama, akamtazama Ursula, akajifuta pua.

"Babu, akina mama wanachangia chumba tu. Huyu mama alilipiwa na mwanawe mwanzoni. Ni vibaya?"

"Mwanawe," nikasema. "Asante. Hilo tu ndilo nililotaka."

Ursula alinifuata nje. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo.

"Shemeji, umenitia aibu. Nikiwa na aibu zangu za kutosha."

"Nimekufumbua macho. Gody ndiye aliyekuleta hapa."

"Nilijua!"

"Ulijua?"

"Nani mwingine angenileta? Wewe?"

Alirudi ndani. Sikungojea. Badala ya kurudi Butiama nilipanda gari jingine moja kwa moja hadi Musoma, nikashukia Iringo, nikamkuta Gody dukani kwake katikati ya makava ya simu yanayong'aa kama magamba.

"Baba mkubwa! Shikamoo. Kuna msiba?"

"Bado. Grace umemtuma wewe?"

Akaacha kufuta kioo. "Mke wangu alimsikia kwenye kikundi chao. Tukasema mama aende."

"Apone, au aachilie?"

"Vyote viwili, baba mkubwa. Kuna ubaya gani? Mama akikubali nafsi yake atakubali na kuja kukaa mjini. Amejifungia kule na kaburi la baba na lile gugu. Anajitukana kutwa nzima. Unasikiaga kweli anavyojitukana, au umezoea?"

"Hatujitukani. Tunajisema."

"Nani anajua tofauti siku hizi? Mimi sijui. Mama mwenyewe hajui."

Alinipa soda. Nilikunywa kwa sababu ilikuwa baridi.

"Kwa hiyo ni mtego," nikasema.

"Ni dawa. Lakini nikisema kweli, ndiyo, nilitegemea dawa imtoe shambani. Bana, baba mkubwa, siyo dhambi kutegemea."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimethibitisha kila nilichoshuku, na mtu akithibitisha alichoshuku huwa na raha fulani ya uchungu. Nilimweleza Ursula yote, kutoka upande wangu wa ua. Alisikiliza huku akichambua mchicha.

"Sasa umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza. Usiende tena."

"Nitakwenda Alhamisi." Akatupa mizizi kando. "Shemeji, nikuulize. Neno la Mniko, lile la mkono uliopoa, ulilisikiaga?"

"Nililisikia. Kila mtu alilisikia."

"Nimekaa nalo miaka yote hii ndani ya nyumba. Linaamka kabla yangu. Linakaa kwenye kigoda changu. Gody anataka shamba, sawa, najua. Grace anataka watu wajae chumba chake, sawa. Wewe unataka shamba la mama yako. Kila mtu ana anachokitaka. Lakini huyo binti ndiye wa kwanza kuniambia kwamba neno lile linajibika."

"Mama yangu alikufundisha hivyo kabla huyo binti hajazaliwa."

"Alinifundisha nijibiwe," Ursula akasema. "Hakunifundisha nifanye nini nisipojibiwa."

Alichukua sufuria akaingia ndani. Nilibaki nikitazama minyaa. Kwa kweli mama hakuwahi kuwaza hilo. Katika siku zake nyumba haikuwahi kuwa tupu kiasi cha kukosa mguu mmoja wa kufukia.

Mvua ya kwanza ilishuka Jumapili usiku. Asubuhi udongo ulinuka kama mkate, na Gody alifika mapema kuliko nilivyotegemea, ndani ya gari la yule mtu wa nguzo. Mtu huyo alikuwa mpole, ana viatu vya mpira, na alikuwa akipima shamba kwa macho kabla hajanisalimia. Gody aliona aibu kidogo.

"Tumekuja kumsikiliza mama tu," akasema.

"Mnasikiliza na viatu vya mpira?"

Ursula akatoka jikoni. Amefunga khanga kiunoni, na mkononi ana kile kikapu cha mama yangu, kimeng'oka kishikio kimoja, amekishika kwa kukumbatia. Ndani mlikuwa na mtama mwekundu. Sijui aliupata wapi. Mbegu ile watu wameiacha. Kumbe magugu yalikuwa yamefyekwa upande wa juu, mashimo yamechimbwa, mistari michache. Alikuwa anachimba alfajiri, baada ya kusifiwa, na mimi nilikuwa nasikiliza maneno tu, sikusikiliza jembe.

Alipita katikati yetu bila kusalimia. Akasimama kwenye shimo la kwanza. Niliuona mkono wake kutoka mpakani. Aliutia kikapuni, akautoa, akaurudisha tena. Mtu wa nguzo alitazama saa yake.

"Mkono huu mbaya," Ursula akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Mkono huu hauna kitu."

Akasubiri. Nakwambia alisubiri kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Nilikuwa na jibu mdomoni, nimezaliwa nalo, lakini miguu yangu ilikuwa upande wa nje wa mpaka, na jibu la nje ya shamba si jibu. Nilimtazama Gody. Gody alikuwa mtoto wa nyumba ile. Ilikuwa zamu yake kwa haki zote. Alikuwa amefungua mdomo, na kwa uso wake nilijua hakuna kitu ndani ya mdomo ule. Hakufundishwa. Tulimpeleka shule, tukasahau.

Ndipo Ursula akajijibu.

"Mkono huu ndio uliotulisha," akasema, taratibu, kana kwamba anamwambia mtu aliyesimama mbele yake. Kisha akaongeza ya Manyamanyama, kwa ile sauti nzito niliyoidhania ya mwanamume: "Mkono huu ulimshika Wenceslaus mpaka mwisho. Haukupoa. Ulimshika kwa sababu alitaka kushikwa. Mkono huu ni mzima."

Akadondosha mbegu. Akaenda shimo la pili, na la tatu, akisema na kujibu, bila kugeuka nyuma. Hakufukia. Mashimo yalibaki wazi nyuma yake na mtama mwekundu ukionekana, na njiwa walikuwa wameshatua kwenye ua wa minyaa, wanahesabu.

Alipofika mwisho wa mstari akageuka, akaona.

"Gody," akaita, "unaangalia sinema? Njiwa hawa ni wa nani?"

"Mama, mimi... viatu."

"Haya kaa na viatu vyako." Akanitazama mimi. "Na wewe shemeji umesimama hapo kama shahidi wa polisi. Maneno nimejisemea. Mguu siwezi kujisemea; kufukia peke yangu nilifukia mwaka ule, inatosha."

Mila ile naijua kuliko mtu yeyote aliyebaki hai. Najua iliwekwa kwa nini, ni nani walioivunja na walipata nini. Wenye kunishtaki wako chini ya ardhi, na mmoja wao ni mama yangu, ambaye asingeniruhusu, lakini asingeruhusu pia mtama ule uliwe na njiwa. Nikavua kandambili, nikavuka mpaka.

"Baba mkubwa," Gody akasema, "wewe si hukanyagagi humo?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Jifunze kufukia."

Nikaanza shimo la kwanza. Udongo ulikuwa baridi, na mguu ulikumbuka. Mbele yangu Ursula aliendelea na mstari wa pili, anajisema, anajijibu, na mimi sikutia neno, maana hakuna nafasi aliyoniachia. Lile jibu la mama yangu bado ninalo, zima, na sidhani kuna mtu atakayelihitaji tena. Nyuma yetu mlango wa gari ulifungwa. Mtu wa nguzo alimwambia Gody kwamba atarudi wakati mwingine, na watu wa aina yake hurudi. Gody hakupanda naye. Alibaki mpakani, ameshika viatu mkononi, hajui aviweke wapi.

Kwenye shimo la mwisho Ursula alikuwa amefika mbali katika kuusifu mkono wake, mbali kuliko mtu mwenye akili anavyopaswa kufika mchana kweupe, mbele ya macho ya kila mtu. Kwa hiyo nikatema mate pembeni, kidogo tu, upande wa barabara, nikafukia.